UKURASA WA AKINA MAMA: Jiko Lisilo na Moshi

Juma hili tuseme habari ya kusafisha jiko la umeme. Najua wengine mtacheka: “Kufuta jiko nako kwafundishwa?” Ngojeni kidogo.

Asubuhi moja, hapa Magomeni, jirani yangu alipika uji juu ya jiko la koili, lile ambalo waya wake umelala wazi katika vijia vya udongo. Uji ukafoka, ukamwagikia koili. Akazima kwa kitufe cha jiko, akamwita binti anayemsaidia kazi, “Futa hapo,” naye akaenda zake kuoga. Binti alikuwa pekupeku ukumbini, sakafu ina maji. Akachukua kitambaa kibichi. Umeme ulimrusha hata mlangoni. Mungu alimhurumia, aliinuka, mkono umekufa ganzi. Tulipomwuliza kwa nini hakuchomoa plagi, alijibu, “Mama, niliona halina moto.”

Jibu hilo halijanitoka moyoni. Sisi tuliolelewa na kuni na mkaa tumezoea moto unaojitangaza: una moshi, una mwali, una kaa jekundu. Umeme haujitangazi. Katika nyumba zetu una nguvu ya volti 230, na waya uliopoa waweza bado kuwa nao. Maji huupa njia, ukapita mwilini mpaka chini.

Basi, fanyeni hivi:

1. Zima, kisha chomoa plagi ukutani. Kitufe peke yake hakitoshi. Katika nyumba nyingine fundi amegeuza nyaya, hata swichi hukata waya usio na nguvu, na wenye nguvu ukabaki jikoni.

2. Ngoja nusu saa lipoe. Usilimwagie maji kwa haraka. Bamba la moto laweza kupasuka.

3. Koili iliyo wazi isiguswe na maji. Acha uchafu ukauke, uukwangue polepole kwa kijiti, kisha uutoe kwa brashi kavu. Usitumie waya wa kusugulia sufuria. Vipande vyake vikibaki juu ya koili, huunganisha umeme pasipotakiwa.

4. Jiko la bamba la chuma ni rahisi zaidi. Lowesha kitambaa kwa maji ya sabuni, ukikamue sana, ukilaze juu ya uchafu dakika kumi, kisha sugua kwa dodoki. Likaushe, ulipake mafuta ya kupikia kidogo sana lisishike kutu.

5. Usichomeke plagi mpaka jiko na mikono yako viwe vikavu kabisa. Vaa kandambili.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima swichi kuu ya nyumba. Kama iko mbali, mwondoe kwa mti mkavu, kisha mpeleke hospitali hata akisema hajambo, maana umeme huweza kuudhuru moyo pasipo alama ya nje.

Majiko haya yatazidi kuingia vyumbani mwetu. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema kwa macho na mapafu yetu. Lakini tazameni: anayenunua jiko huelezwa na mwenye duka, anayelifuta kila siku haelezwi na mtu.

Binti huyo ana mama yake huko kijijini, aliyetukabidhi mtoto akiamini kwamba tutamlinda. Ni amana, na amana tutaulizwa. Kwa hiyo leo jioni, kabla ya sala, mwite. Usimwambie tu, mwonyeshe plagi, umwache aichomoe mwenyewe mbele yako. Jirani yangu amefanya hivyo, na tena alimwomba binti radhi. Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, lakini nyumba ile sasa ina amani.

Kwaherini mpaka juma lijalo.