Useneta Nairobi 2027: Nani atamkabili Sifuna, na je, Sifuna mwenyewe atakuwa debeni?

HUKU Uchaguzi Mkuu wa Agosti 10, 2027 ukizidi kunukia, macho ya wakazi wengi wa Nairobi yameelekezwa kwa ugavana. Hata hivyo, kuna kiti kingine kinachomezewa mate chini kwa chini, nacho ni useneta wa kaunti hiyo, alichokinyakua Edwin Sifuna wa ODM mnamo Agosti 2022.

Gumzo katika mikahawa ya katikati ya jiji na ndani ya matatu za kwenda mitaani ni kuhusu nani atakayejitosa ulingoni kumkabili. Lakini swali hilo limetanguliwa na jingine zito zaidi: je, Sifuna mwenyewe atakuwa anatetea kiti hicho siku hiyo ikifika?

Historia inatoa sababu ya kuuliza. Tangu Seneti irejeshwe chini ya Katiba ya 2010, Nairobi imechagua maseneta watatu katika chaguzi kuu tatu, na hakuna hata mmoja kati ya wawili wa kwanza aliyerudi kwa wapiga kura kuomba kiti hicho kwa mara ya pili. Mike Sonko alikitwaa 2013 kwa tiketi ya TNA, akakiacha 2017 na kuwa gavana. Johnson Sakaja, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa TNA na mbunge wa kuteuliwa, alikirithi 2017 kwa tiketi ya Jubilee. Naye akakiacha 2022, akawa gavana kwa tiketi ya UDA.

Kwa maneno mengine, kiti hiki kimegeuzwa ngazi ya kupandia hadi City Hall. Ndiyo maana orodha ya wanaoweza kukiwania hubadilika kila upepo wa siasa za ugavana unapogeuka. Sifuna akiamua kufuata nyayo za watangulizi wake, au akivutwa kwenye siasa za kitaifa, kiti kitabaki wazi na msururu wa wagombea utakuwa mrefu. Akiamua kubaki, atakuwa seneta wa kwanza wa Nairobi kupimwa na wapiga kura kwa kazi aliyoifanya katika Seneti.

Ikumbukwe kwamba Sifuna hakupata kiti hiki kwa urahisi. Alikiwania kwa mara ya kwanza 2017 akabwagwa na Sakaja. Mwaka uliofuata alipewa wadhifa wa katibu mkuu wa ODM, na kupitia mikutano ya wanahabari na mijadala ya runinga jina lake likajulikana kote nchini. Aliporudi 2022 alizoa zaidi ya kura 716,000 dhidi ya takriban 524,000 za Askofu Margaret Wanjiru wa UDA.

Takwimu za siku hiyo zinafaa kuchunguzwa kwa makini, kwani ndizo zitakazowaongoza au kuwaponza wapinzani wake. Katika kura ya urais, Raila Odinga alipata zaidi ya kura 767,000 jijini, naye William Ruto takriban 561,000. Polycarp Igathe, aliyewania ugavana upande wa Raila, aliambulia takriban 573,000 pekee na kushindwa na Sakaja aliyepata karibu 699,000. Hii ina maana kwamba takriban kura 194,000 za mgombea urais hazikumfikia Igathe. Sifuna, kwa upande wake, alipungukiwa na takriban 50,000 tu, na hata akapata kura nyingi kuliko gavana aliyechaguliwa.

Mwanasiasa yeyote wa Nairobi anayeamini kwamba wimbi la chama litambeba hadi Seneti angefaa kuzisoma takwimu hizo mara mbili.

Wapiga kura wa Nairobi wana mazoea ya kuchanganya karata. Mnamo 2013 walimpa Raila kura nyingi za urais, wakamchagua Evans Kidero wa ODM kuwa gavana, kisha wakageuka na kumpa Sonko wa TNA useneta kwa zaidi ya kura 800,000. Rachel Shebesh wa TNA akawa mwakilishi wa wanawake. Mnamo 2017 walimpa Raila kura nyingi tena, lakini ugavana na useneta vikaenda kwa Jubilee, huku Esther Passaris wa ODM akitwaa uwakilishi wa wanawake. Mnamo 2022 Raila aliongoza, Sakaja wa UDA akashinda, na Sifuna na Passaris wa ODM wakashinda pia. Katika chaguzi zote tatu, hakuna upande uliowahi kuvitwaa viti vyote vikuu vya jiji hili kwa pamoja.

Kwa hivyo ni akina nani wanaoweza kujitosa? Yafuatayo ni makisio yanayotokana na historia na hesabu za kura, si matangazo ya wahusika.

Kwa upande wa UDA, jina la kwanza ni la Askofu Wanjiru mwenyewe. Mbunge huyu wa zamani wa Starehe amewania kiti hiki mara mbili, tena kwa vyama viwili vilivyokuwa mahasimu. Mnamo 2013 alibeba bendera ya ODM baada ya suala la shahada kumfungia njia ya ugavana, akashindwa na Sonko. Mnamo 2022 alibeba ya UDA, akashindwa na Sifuna. Kupata zaidi ya kura nusu milioni si jambo dogo, lakini chama kitajiuliza iwapo mgombea aliyeshindwa mara mbili ana kura mpya mahali popote.

Jina la pili ni la Karen Nyamu. Alikuwa akiinyemelea tiketi ya UDA ya useneta kuelekea 2022, akajiondoa na kumpisha Wanjiru, kisha akateuliwa kuwa seneta maalum. Mwanasiasa aliyekubali kupisha mara moja huwa na dai la haki kwamba zamu yake imefika. Nguvu yake ni umaarufu, hasa miongoni mwa vijana wanaofuatilia mitandao ya kijamii. Udhaifu wake ni kwamba umaarufu huo hutokana mara nyingi na maisha yake ya kibinafsi kuliko hoja alizozitoa bungeni, na Sifuna ni wakili anayependa kumvuta mpinzani kwenye hoja.

Passaris ni suala tofauti. Ameshinda kura za kaunti nzima mara mbili. Sheria haimwekei ukomo wa mihula, lakini baada ya vipindi viwili katika kiti kimoja mwanasiasa huanza kutazama juu. Ikiwa kiti cha useneta kitabaki wazi, kumtaja Passaris ni jambo la busara. Pia kuna rekodi ya kuvunja: Nairobi haijawahi kumchagua mwanamke kuwa seneta. Nchini kote hakuchaguliwa hata mmoja mnamo 2013, kisha wakachaguliwa watatu 2017 na watatu 2022, kati ya viti 47.

Yupo pia Babu Owino, mbunge wa Embakasi Mashariki tangu 2017, ambaye ametangaza wazi kwamba shabaha yake ni ugavana. Yeye si mpinzani wa Sifuna kwa sasa. Lakini katika siasa za jiji hili, wanaokosa tiketi ya ugavana hutafutiwa pa kujishikiza, na mara nyingi huwa ni useneta. Wawili hao wakiwa upande mmoja wanaweza kugawana nafasi hizo mbili na kuwa pigo kwa wapinzani wao. Wote wawili wakiutaka ugavana, mmoja atalazimika kurudi nyuma, na hapo mambo yataharibika.

Sehemu ngumu zaidi ya makisio haya ni ile inayohusu upinzani mpya. Rigathi Gachagua, aliyeondolewa na Seneti katika wadhifa wa Naibu Rais Oktoba 2024, alizindua chama cha DCP Mei 2025. Kura za Mlima Kenya zilizoko Nairobi ndizo zilizowabeba Sonko na Sakaja walipowania useneta. Zikihama UDA kwa wingi, mgombea wa UDA atabaki na kapu lililotoboka. Lakini haifuati kwamba zitamwendea Sifuna moja kwa moja. Wiper ya Kalonzo Musyoka nayo ina ngome zake katika mitaa ya mashariki mwa jiji, na ndicho chama cha Philip Kaloki aliyekuwa mgombea mwenza wa Igathe mnamo 2022. Vyama hivi vikiungana vitadai sehemu ya tiketi ya Nairobi. Vikikosa kuungana, kila kimoja kinaweza kusimamisha mtu wake na kumrahisishia kazi aliye madarakani.

Jambo jingine linaloifanya 2027 kuwa tofauti ni pengo lililoachwa na Raila, aliyefariki nchini India mnamo Oktoba 15, 2025. Tangu siasa za vyama vingi ziliporejea, jina lake halijawahi kukosekana kwenye karatasi za kura jijini Nairobi katika uchaguzi mkuu wowote, iwe kama mbunge wa Lang'ata au mgombea urais. Agosti 2027 itakuwa mara ya kwanza. Wafuasi wake wa Kibra, Mathare, Ruaraka na Dagoretti hawajawahi kupiga kura bila ishara yake.

Kabla ya kifo chake, ODM ilikuwa imeanza kuvutana kuhusu makubaliano ambayo Raila na Rais Ruto walitia saini katika jumba la KICC Machi 7, 2025. Sifuna alijitokeza kuwa sauti kali ndani ya chama dhidi ya kumuunga mkono Ruto kwa muhula wa pili. Baada ya Oburu Oginga, seneta wa Siaya na kaka yake Raila, kushika usukani wa chama, mvutano huo ulichacha badala ya kupoa. Katika hali hiyo, mpinzani mkubwa wa Sifuna huenda asitoke UDA wala DCP, bali ndani ya chama kilichomdhamini.

Hapa sheria inaingia. Kifungu cha 103 cha Katiba kinasema mbunge au seneta anayekihama chama kilichomdhamini hupoteza kiti. Kwa sababu hiyo, wanasiasa wengi hubaki vyamani mwao kwa shingo upande hadi karibu na uchaguzi. Anayetaka kuwa mgombea huru lazima awe nje ya chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na kwa useneta awe na saini za wapiga kura wasiopungua 2,000. Masharti hayo si magumu kwa mtu mwenye jina. Ronald Karauri alionyesha hilo Kasarani mnamo 2022 alipochaguliwa mbunge bila chama. Lakini Kasarani ni eneobunge moja kati ya 17, na kaunti nzima ina wadi 85 zinazohitaji mawakala kila kituo.

Nairobi ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 2.4 waliosajiliwa mnamo 2022, na chini ya asilimia 60 ndio waliojitokeza. Yaani zaidi ya watu milioni moja walikaa nyumbani. Wengi wa vijana walioandamana katikati ya jiji Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha watakuwa wametimiza umri wa kupiga kura ifikapo 2027, ikiwa hawakuwa nao tayari. Mgombea atakayewatoa kutoka barabarani na kuwafikisha vituoni anaweza kuzifanya hesabu zote zilizotajwa hapo juu kuwa bure.

Kinachosahaulika katika gumzo hili lote ni kazi yenyewe. Seneta hana hazina ya kujenga madarasa kama mbunge. Kazi yake ni kulinda maslahi ya kaunti, kushiriki katika kugawa mapato na kuchunguza jinsi gavana anavyozitumia takriban Sh20 bilioni ambazo Nairobi hupokea kila mwaka kutoka kwa serikali kuu. Taka zinaporundikana mitaani na mabomba yakikauka, seneta ndiye anayepaswa kumwuliza gavana maswali mbele ya kamati.

Sakaja aliifanya sehemu ya kazi hiyo kwa sauti kubwa, hasa katika mvutano wa 2020 kuhusu fomula ya kugawa mapato. Mwaka huo huo, mnamo Desemba 17, Seneti ilimng'oa Sonko ugavanani, na Mahakama ya Juu ikaidhinisha uamuzi huo Julai 2022. Mnamo Septemba 2025 ilikuwa zamu ya Sakaja mwenyewe kuchungulia kaburi, pale madiwani walipoandaa hoja ya kumwondoa. Hoja hiyo ilizimwa baada ya Ruto na Raila kuingilia kati, kabla ya kufika Seneti. Maswali ya madiwani kuhusu fedha za wadi na basari yaliishia kwenye mikutano ya vyama, si mbele ya kamati ambayo seneta wa Nairobi angeweza kuuliza maswali hadharani.

Seneta anayetaka kuwa gavana ana kishawishi cha kumpaka matope aliye ofisini, au cha kunyamaza ikiwa anatarajia kuachiwa kiti kwa amani. Anayetaka kubaki seneta hana budi kuonyesha alichokagua. Nairobi haijawahi kumpata wa aina hiyo ya pili, na wapiga kura hawajawahi kupata nafasi ya kumtuza au kumwadhibu.

Watumishi wa umma wanaonuia kuwania watalazimika kujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, yaani mapema Februari 2027, na baada ya hapo vyama vitafanya mchujo. Sifuna naye atalazimika kuamua kabla ya mchujo huo ni fomu ya kiti gani atakayochukua, na kwa chama gani.