Mzimu Si Jini

Ndugu Waislamu, tunawasikia wenzetu, hata waswalihina, wakisema kuwa marehemu fulani "amerudi, amekuwa jini." Maneno haya hayana nasaba moja. Mzimu ni neno la Kibantu la kale, maana yake roho ya mfu: Waganda husema muzimu, Washona mudzimu, na kwa Watswana Modimo limepanda hadi kuwa jina la Mungu! Kwetu limezaa kuzimu, makao ya wafu. Jini latoka Kiarabu, katika asili yenye maana ya kufichika; naye, kwa mafundisho ya Qurani, ameumbwa kwa moto, wala hakuwa mwanadamu kamwe. Marehemu yumo barzakhi, harejei. Basi anayepeleka ubani na kuku mbuyuni ili kumtuliza babu, anamtuliza nani?