Saa Tatu Asubuhi Ni Usiku wa Mtu

Mwezi wa pili mwaka huu nilifuta jina la kijana mmoja kwenye orodha ya mafunzo. Ni mimi mwenyewe niliyelifuta, kwa kalamu yangu, hapa Kagugu. Alikuwa amekosa vikao viwili. Cha tatu akaja, akakaa benchi ya nyuma, na kabla hatujamaliza kujitambulisha akalala mdomo wazi. Wenzake wakacheka. Nikamwamsha nikamwambia kama anataka kulala aende kwao. Akaenda. Siku hiyo nayo nikaihesabu kama amekosa, kwa sababu kanuni inasema ukikosa mara tatu unatoka, nafasi anapewa mwingine. Kwenye sehemu ya sababu nikaandika: hana bidii.

Nataka kubishana na hayo maneno mawili. Na kwa kuwa niliyaandika mimi, musiseme nawaonea wengine.

Kijana yule anafanya zamu ya usiku. Muliowahi kufika Kagugu munajua juu kule kuelekea Gacuriro: nyumba za ghorofa, kuta ndefu, mageti ya chuma, na nyuma ya kila geti kuna mtu amevaa koti zito. Anaanza saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Anatembea hadi chumba anachokaa na mama yake na wadogo zake wanne. Wadogo wanajiandaa kwenda shule, jirani ameshafungulia redio, bati linaanza kupata moto. Halafu saa tatu sisi tunamwita aje ajifunze namna ya kupanga maisha yake ya baadaye.

Niliyejifunza kwake siyo mtaalamu wa mradi. Ni dada yangu, binti ya mama mdogo, aliyeondoka na familia yake kwenda Marekani kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu. Yuko Ohio. Kazi yake ni kuangalia watu wakilala. Nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza. Ati kuna mshahara wa hiyo? Upo. Anafika hospitali saa moja jioni, kwa kawaida anapewa wagonjwa wawili. Anapima kichwa cha kila mmoja kwa tepu, anaweka alama kwa penseli, anabandika nyaya ndogo kwa dawa nzito kama gundi: kichwani, pembeni mwa macho, kidevuni, miguuni. Mkanda mmoja kifuani, mwingine tumboni. Mpira mwembamba puani wa kupima pumzi, na kibanio kidoleni cha kupima oksijeni. Kisha anazima taa, anaenda chumba kingine, anakaa mbele ya skrini mpaka asubuhi. Usiku wa mgonjwa unakatwa vipande vya sekunde 30, na kila kipande kinapewa jina: yuko macho, usingizi mwepesi, usingizi mzito, usingizi wa ndoto. Kwa saa nane ni vipande 960. Pumzi ikisimama sekunde 10 au zaidi, inahesabiwa. Ikikatika hivyo zaidi ya mara 30 kwa saa moja, ni ugonjwa mkali.

Sasa sikilizeni alichoniambia. Wengi wanaolala kwenye kile kitanda wameitwa wavivu miaka na miaka. Wanasinzia kazini, wanasinzia kwenye usukani, wake zao wamechoka nao. Kumbe usiku kucha mtu anakabwa koo na mwili wake mwenyewe, anaamka mara mia bila kujua. Mashine inamtoa lawamani. Anapewa kifaa cha kumpulizia hewa, na baada ya muda anarudi kuwa mtu wa kawaida.

Na yeye dada? Ameziba dirisha kwa kitambaa cheusi, simu anazima. Bado wazee wetu wa hukohuko wanakuja saa tano mchana, wanagonga mlango: "We mtoto, mpaka saa hizi umelala?" Anapenda kunipigia wakati wa mapumziko yake, saa tisa usiku kwake. Kwangu hiyo ni saa tatu asubuhi. Siku moja nilikata simu nikamwambia naingia kwenye kikao na vijana. Akanijibu kwa ujumbe: "Wanaofanya kazi usiku nao unawaweka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu.

Wahudumu wa mashirika wanaosoma gazeti hili, hapa naongea na nyinyi hasa. Tunajaza fomu zinazouliza kama mtu anapata shida ya kulala. Akisema ndiyo, anapewa alama. Alama zikijaa, anaambiwa ana jeraha la moyo, anaalikwa kujifunza kuvuta pumzi polepole. Jeraha lipo, siwezi kulikataa. Sisi tuliotoka Masisi, Rutshuru au Minembwe tunalijua. Lakini fomu haiulizi: unalala saa ngapi, wapi, na watu wangapi? Unafanya kazi gani usiku? Toka 2021 msaada wa chakula kambini unagawanywa kwa makundi ya mahitaji, na wanaohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea waliambiwa wajitegemee. Sawa. Kujitegemea kwa kijana asiye na mtaji mara nyingi ni zamu ya usiku. Tunamtuma usiku akatafute, halafu tunamwandika vibaya asubuhi kwa sababu alikwenda.

Na si hisia zangu tu. Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2017 walipewa Wamarekani watatu walioonyesha jinsi saa iliyo ndani ya mwili inavyofanya kazi. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka kazi ya usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, mwaka 2007, na ikarudia hivyo 2019. Hospitali ya dada yangu inamlipa nyongeza kwa saa za usiku. Kijana wa getini analipwa kwa kusikia mbwa akibweka.

Wachungaji wetu nao wanapenda kututuma kwa chungu tujifunze bidii. Mimi nimelala kambini, najua siafu wanakuja saa ngapi.

Najua mutakachosema. Ofisi ina ratiba, gari linatakiwa litoke kambini kabla ya giza. Kweli. Lakini saa tisa alasiri siyo giza. Aliyelala saa mbili asubuhi anaweza kuamka saa nane, akaoga, akafika, na akawahi geti lake. Naomba mambo mawili, yasiyo na bajeti: kikao kimoja kati ya viwili kiwe alasiri, na kabla ya kumfuta mtu aulizwe anafanya kazi saa ngapi. Swali moja tu. Kama kuna mradi hauwezi kuongeza swali moja, basi uache kusema unatusikiliza.

Jina lake nimeliomba lirudishwe. Nimeambiwa orodha imeshafungwa, tusubiri awamu nyingine.

Nilikwenda kwao kumwambia hayo kwa mdomo wangu. Ilikuwa saa saba mchana. Mama yake alitoka nje na kurudishia mlango polepole nyuma yake. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "ndio kwanza amepata usingizi." Akanigeuzia jerikani niketi, nami nikakaa kungoja aamke.