Ukibadili Mkanda, Umebadili na Feni

CHINI YA BONETI
Na Rajabu Shekilindi

Mwenye gari la zamani hukosi kumwona akibishana na fundi juu ya rangi, ngozi ya viti na marimu ya kromu. Feni humwachia fundi aamue, na fundi huamua kwa kutazama iliyopo stoo. Kwa gari ambalo halijaguswa mbele ya injini, uzembe huo unasameheka. Kwa gari linalotolewa mikanda ya V na kuwekewa mkanda mmoja mpana wenye mifereji, hausameheki hata kidogo.

Mtoto wa mjomba wangu anaishi Muscat na ana Ford Mustang ya 1966, V8 ya inchi za ujazo 289. Magari hayo yalitoka kiwandani na mikanda ya V, kila mmoja na kazi yake. Kuanzia modeli ya 1979, Ford waliweka kwenye Mustang ya V8 mkanda mmoja wa mifereji unaozungusha vifaa vyote vya mbele. Injini za lita 5.0 za miaka ya 1980 ni za ukoo uleule wa 289, kwa hiyo watu wengi huvua puli, alteneta na pampu ya maji za mtoto na kumvisha babu. Ndivyo alivyofanya jamaa yangu. Kazi ikawa safi, kelele za mkanda kuteleza zikaisha. Kisha gari likaanza kuchemka. Mshale unapanda kwenye foleni, na hata akitoka barabara kuu hapati ile nafuu aliyoitarajia. Akabadilisha thermostati, akasafisha rejeta, akanitumia video. "Yakhe, hebu itazame hii, mie nishachoka."

Kwenye video feni inazunguka kwa nguvu zote. Ila inazunguka kinyume.

Mkanda wa V hushika puli kwa upande wa ndani tu, kwa hiyo puli zote huenda upande mmoja na krenkshafti. Mkanda wa mifereji hufanya kazi pande zote mbili: tumbo lenye mifereji huzungusha puli hii, mgongo laini huzungusha ile. Puli inayoguswa na mgongo huzunguka kinyume, na kwenye zile 5.0 puli hiyo ni ya pampu ya maji. Ford walilijua hilo na wakatengeneza pampu ya kuzungukia upande huo, pamoja na feni yake. Jamaa yangu alinunua pampu sahihi, kisha akafunga juu yake feni yake ya 1966. Sasa feni inatoa hewa ya moto ya injini na kuisukuma mbele kupitia rejeta, wakati gari likitembea linaingiza hewa kutoka nje. Pepo mbili zinapigana mlangoni na maji yanachemka.

Dawa ambayo gereji nyingi huitoa hapo ni kuigeuza feni, uso uwe mgongo. Haisaidii. Pangaboi la darini ukiligeuza juu chini na kuliacha lizunguke upande uleule, upepo utaendelea kwenda kulekule, tena dhaifu kuliko mwanzo, kwa sababu mkunjo wa panga sasa umekaa vibaya. Mlalo wa panga haubadiliki kwa kugeuzwa. Feni ya kuzunguka kinyume ni kifaa kingine kabisa, kilichokunjwa upande mwingine tangu kiwandani, na hata ile klachi ya mafuta mazito inayokaa katikati ya feni hutengenezwa kwa upande wake. Si kila seti ya mkanda wa mifereji hugeuza pampu. Zipo zinazoipitisha kwenye tumbo la mkanda na mambo hubaki kama zamani. Ndiyo maana kabla ya kutoa pesa fuata njia ya mkanda kwa kidole, puli hadi puli.

Upande ukishajulikana, inabaki kasi, na hapa ndipo wajuaji wengi huanguka. Seti mpya huja na puli za ukubwa wake. Puli ya pampu iliyokuwa na kipenyo cha milimita 150 ikawa ya 125, na ya krenkshafti isibadilike, feni itaongeza kasi kwa asilimia 20. Hewa itaongezeka kwa kiasi hichohicho, asilimia 20. Lakini nguvu inayoliwa na feni huenda kwa mchemraba wa kasi, hivyo itapanda kwa asilimia 73 hivi. Nguvu hiyo inatoka kwenye petroli yako na kupita kwenye mkanda wako mpya. Kinyume chake, wapo wanaonunua puli za kupunguza kasi ili injini "iwe nyepesi". Kweli itakuwa nyepesi: feni ikipungua kasi kwa asilimia 20 hula nusu tu ya nguvu ya awali. Ila pale taa nyekundu, injini ikinguruma taratibu, msukumo wa hewa nao umeshuka kwa zaidi ya theluthi. Katika mji wenye joto la Muscat, au la Dar es Salaam mwezi Februari, theluthi hiyo ndiyo iliyokuwa inakufikisha nyumbani.

Sasa feni ya umeme. Kila kijana wa gereji ataipendekeza, na kwa gari lililogeuzwa pampu anayo hoja nzuri: haijali mkanda unapita wapi wala puli ina ukubwa gani. Ni nyembamba pia, na mbele ya injini hizo nafasi hupimwa kwa vidole. Lakini feni kubwa ya umeme hula ampea 20 hadi 30, na wakati wa kuanza huvuta zaidi. Alteneta ya Mustang ya wakati ule ilitoa kama ampea 40 kwa gari zima, tena si injini ikiwa kwenye mngurumo wa chini. Ukiwasha taa usiku, unaendesha kwa mkopo wa betri. Anayetaka feni ya umeme anunue alteneta kubwa kwanza, kisha waya mnene, rilei na fyuzi, na feni aifunge nyuma ya rejeta ivute, si mbele isukume.

Hata hivyo mimi ni mtu wa feni ya injini yenye klachi. Springi ya bapa iliyo mbele ya klachi huhisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Ikiwa baridi, feni huteleza na haili nguvu, ikiwa moto hushika. Feni ya umeme ikifa hufa kimya, na habari unaipata kwa mshale, kama unautazama. Nitakubali jambo moja: kwenye kuvuka mto, feni ya injini hupiga maji na mapanga yake yanaweza kujikunja yakatoboa rejeta, na wazee wa Land Rover walijua kuvua mkanda kabla ya kuingia majini. Mustang haivuki mito.

Waliokuwa mbele ya wote ni Wafaransa. Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, ilikuwa na feni ya mkanda inayoshikwa na sumaku ya umeme: maji yakipata joto, swichi hupeleka umeme na feni huanza, yakipoa, huachiliwa. Gari hilo lilishinda Safari Rally mara nne, mwaka 1963 na kisha mitatu mfululizo kuanzia 1966. Sisemi lilishinda kwa ajili ya feni.

Feni ambazo sizitaki kabisa ni zile za chuma chembamba zinazojinyoosha injini ikipanda kasi. Zinapendeza, lakini chuma kinachokunjwa na kunyooshwa kila siku hupata nyufa, na panga likikatika hutokea kwenye boneti. Na kava la feni, lile linalozungushia mapanga, lisitupwe stoo eti linaziba injini nzuri. Bila kava feni huzungusha hewa ileile pembeni mwa rejeta. Mapanga yakae nusu ndani ya kava na nusu nje, na kati ya ncha na kava pawe na nafasi ya kama sentimita mbili na nusu, maana injini hucheza kwenye mipira yake ukikanyaga mafuta.

Jamaa yangu ameagiza feni ya kuzunguka kinyume na klachi ya upande huohuo. Ikifika nimemwambia awashe injini, aisubiri ishike joto, kisha asogeze karatasi kwenye grili. Ikinyonywa na kubaki imeganda, afunge boneti. Ikisukumwa ikamjia usoni, arudishe feni dukani na risiti yake.