Mlete Shemeji Kwanza, Nyumba Baadaye

Nilipotea kidogo, kazi zilizidi, lakini wiki hii nimepigiwa simu ambayo imenirudisha kwenye kuandika.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye pale Mlimani amehamishwa kikazi kutoka Mbeya kuja Dar es Salaam. Ana mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili. Akaniambia hivi: "Mzee, wewe mwandishi, Dar yote unaijua. Nitafutie nyumba Sinza, vyumba viwili na sebule, nitume hela kabisa. Nikishatulia ndiyo niilete familia." Nikamjibu kwamba nyumba simtafutii. Amlete shemeji kwanza, nyumba baadaye.

Akacheka sana. Akadhani nimeanza kuwa mchoyo wa nauli ya kuzunguka. Sasa kwa vile ninajua hayuko peke yake, na kwamba kila mwezi kuna mtu anahamia jiji hili na familia yake, naomba nieleze kwa nini nilikataa. Maelezo yenyewe yananiumbua mwenyewe, lakini acha niumbuke.

Mimi nilihamishiwa Dar kutoka Mwanza mwaka 2023. Mke wangu na binti yetu, wakati huo ana miaka minne, walibaki kwanza. Nikafanya kama wanaume wengi tunavyofanya: nikampata dalali, nikampa hela ya usumbufu, tukazunguka Jumapili moja asubuhi, saa nne mpaka saa saba. Nyumba ya tatu niliipenda. Ilikuwa Kigogo, upande wa bondeni, karibu na kazini kwangu Buguruni. Vyumba viwili, sebule, malumalu chini, choo ndani, Sh 200,000 kwa mwezi. Ulikuwa mwezi wa tisa, ardhi kavu, vumbi linatimka. Nikalipa miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali. Nikampigia mke wangu simu kwa furaha, "Mama, tumepata jumba!"

Walikuja Januari 2024. Mke wangu aliingia sebuleni, hata mizigo hajaishusha yote, akaangalia ukuta. Akauliza, "Baba, mbona rangi ya chini ni mpya na ya juu ni ya zamani?" Kweli, kuanzia sakafuni mpaka kama kiunoni ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya, juu yake imefifia. Nikamwambia mwenye nyumba ni mtu makini, anarekebisha nyumba yake. Akauliza tena, "Na hiki kizingiti mbona kirefu hivi?" Mlangoni kulikuwa na ukuta mdogo wa zege wa kufika magotini, unauruka ndipo uingie ndani. Nikasema ni kuzuia panya.

Kuzuia panya! Mtu mzima, nina shahada, naandika habari za jiji hili, nasema kizingiti cha zege ni cha kuzuia panya.

Wanaoijua Dar mmeshajua mwisho wake. Mto Msimbazi unaanzia kule vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji mpaka baharini karibu na daraja la Salander. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanateremka bondeni hata kama kwako jua linawaka. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa makubwa mpaka serikali ikawagawia baadhi ya watu wa mabondeni viwanja kule Mabwepande. Nilikuwa bado shuleni, lakini habari zile nilizisoma. Na baadaye, nikiwa mwandishi, mimi mwenyewe nimeandika habari za "wakazi wa mabondeni wanaokaidi kuhama". Nimemnukuu kiongozi mmoja baada ya mwingine akiwalaumu. Hakuna hata siku moja niliyouliza kama wale watu walioneshwa nyumba zile mwezi wa tisa, Jumapili, saa nne asubuhi.

Masika ya 2024 yalikuja kweli kweli. Siku ile nilitumwa Jangwani kuandika habari za barabara kufungwa. Nimesimama na daftari na koti la mvua, nawahoji watu waliokwama, simu ikaita. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Maji yamevuka kizingiti. Mtoto yuko juu ya meza. Njoo."

Kutoka Jangwani hadi Kigogo si mbali, lakini siku ile ilinichukua saa mbili na nusu. Nilipofika, jirani, kijana wa bodaboda, alikuwa amewatoa wote wawili na kuwapeleka kwa mama mmoja anayekaa juu kidogo. Cherehani ya mke wangu, aliyoibeba kutoka Mwanza kwenye buti la basi, ilikuwa chini ya maji. Vitambaa vya wateja wake wa kwanza wa Dar vilikuwa vinaelea. Binti yangu alipoyaona maji ya choo yamejaa sebuleni aliniuliza kama tunarudi kwa bibi. Wiki iliyofuata aliharisha siku tano. Mungu ni mwema, akapona.

Habari yangu ya Jangwani ilitoka kesho yake gazetini, na jina langu juu.

Sasa hoja yangu ni hii, wadau. Tatizo halikuwa Kigogo. Kigogo ina watu wazuri, ina sehemu za juu ambazo maji hayafiki, na tusingekuwa na majirani wale leo nisingekuwa naandika kwa utulivu huu. Tatizo ni nani alichagua. Nilichagua mimi, ambaye natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tatu usiku. Nilikuwa napalala tu. Anayepaishi ni mke wangu, na mtoto. Wao ndio wanaoyaona maji yakitoka bombani au yasipotoka. Wao ndio wanaojua kelele za baa, moshi wa takataka, na nani anakaa kijiweni mchana. Mtaa achague yule anayeshinda hapo.

Lakini sisi tunachagua kwa majina. Na majina haya yana historia ndefu. Mkoloni Mwingereza aliigawa Dar kwa rangi za watu: Oysterbay ya Wazungu, upande wa Upanga ukawa wa Wahindi, Kariakoo na Ilala za Waafrika. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Sheria ilikwisha, lakini vichwani mwetu ramani ile bado imebandikwa. Mtu akikwambia anakaa Mikocheni unamwangalia mara mbili, akikwambia Manzese unamuuliza kama hajaibiwa. Hata Sinza anayoililia rafiki yangu, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia, na sehemu kubwa ya viwanja ililengwa kwa watu wa kipato cha chini. Leo jina limepanda kuliko watu waliokusudiwa.

Tena Sinza anayoijua rafiki yangu ni ile ya tulipokuwa wanafunzi. Tukitoka Mlimani jioni, chipsi, nyama choma, muziki, tunarudi usiku wa manane. Nilimuuliza swali moja: Je, ulishawahi kuiona Sinza saa kumi na moja alfajiri ukiwa umemshika mtoto mkono? Akanyamaza.

Kwa maana kwa mtoto wa Dar, mtaa ni safari kabla haujawa nyumba. Kama shule iko mbali, mtoto wa darasa la pili atasimama kituoni gizani. Daladala ikija, konda akiona sare anaanza kuhesabu: mwanafunzi analipa nauli ndogo, mtu mzima nauli kamili, kwa hiyo nafasi anapewa nani? Mnajua wenyewe. Ukimpeleka shule ya kulipia yenye basi, basi nalo linazunguka mitaa kumi, mtoto anachukuliwa alfajiri, anasinzia njia nzima, anarudi jioni amechoka kama mpiga debe. Ukichagua nyumba ambayo mtoto anatembea kwa miguu kwenda shule, umempa usingizi, na usingizi hauuzwi dukani.

Najua kuna watakaosema, "Bwana mdogo, maneno mazuri, lakini mtaa hauchaguliwi na mke wala mume, unachaguliwa na mfuko." Ni kweli, na hoja hii naiheshimu. Mwenye Sh 200,000 hawezi kwenda kuulizia Masaki. Jiji lilikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012 na watu 5,383,728 kwenye ile ya 2022, yaani zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanatafuta pa kulala. Serikali ilipima viwanja 20,000 katika mradi ulioanza mwaka 2002, kule Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma na kwingineko, lakini watu ni wengi kuliko vipimo. Ndiyo maana tunaishia mabondeni.

Lakini mfuko unaweka mpaka tu. Ndani ya mpaka ule bado kuna uchaguzi, na hilo nimelithibitisha kwa macho yangu. Baada ya mafuriko mke wangu alisema safari hii anatafuta yeye. Hela ilikuwa ileile, tena pungufu. Hakuchukua dalali. Alimbeba mtoto, akapanda daladala, akashuka mitaa ambayo mimi nisingeifikiria. Alikuwa anakaa kwa mama anayeuza maandazi, ananunua ya mia tano, anaanza maswali. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Kulipokuwa na mgao mkali mwaka 2022 mlichota wapi, na dumu lilikuwa shilingi ngapi? Kisima chenu ni cha chumvi? Zahanati inafungwa saa ngapi? LUKU mnachangia wapangaji wangapi? Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi?

Siku tatu. Siku ya tatu alinipeleka Segerea kuona nyumba ambayo mimi ningeikataa nikiwa bado getini. Hakuna malumalu, ni saruji tupu. Choo ni cha nje, tunachangia na wapangaji wengine wawili. Lakini iko kwenye mwinuko. Shule ya msingi ni dakika nane kwa mguu, bila kuvuka barabara kubwa. Na ina kibaraza kinachoangalia njia ya watu, kibaraza ambacho mimi sikukiona kabisa, yeye alikiona kwanza. Leo pale ndipo cherehani ilipo. Mpya, tumeilipia kidogo kidogo.

Hasara ipo, na niliyeipata ni mimi. Safari yangu ya kazini imeongezeka dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, siku za foleni ni zaidi. Mwanzoni nilinung'unika. Baadaye nikajifanyia hesabu: mtu mmoja amepoteza saa moja na dakika ishirini kwa siku, watu wawili wamepata siku nzima. Hesabu hiyo hata mtu wa sanaa kama mimi anaiweza.

Kwa wale ambao kweli haiwezekani kuja na mama watoto, basi angalau usiione nyumba mara moja. Nenda mara tatu. Nenda usiku, usikie kuna nini. Nenda alfajiri, usimame kituoni na wanafunzi. Na ukiweza nenda mvua inanyesha, au siku moja baada ya mvua. Angalia ukuta kuanzia chini, siyo dari. Angalia kizingiti, angalia kama kuna viroba vya mchanga nyuma ya nyumba. Usimuulize dalali, yeye analipwa ukisema ndiyo. Mjumbe na akina mama wa genge hawalipwi chochote, waulize hao.

Na sisi waandishi tuache kuandika "wakaidi" kirahisi. Tangu mwaka 2022 kuna mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuna waliolipwa fidia na nyumba zao zikabomolewa. Ni hatua. Lakini mpangaji halipwi nyumba, anabeba godoro na kwenda kutafuta tena, mara nyingi na dalali yuleyule, kwenye bonde jingine, mwezi wa tisa.

Juzi usiku rafiki yangu kanipigia tena. Anasema alimsimulia mkewe mambo yangu akitegemea wacheke pamoja, lakini shemeji hakucheka. Wanakuja wote wawili wiki ijayo, watoto wanabaki kwa bibi yao, watalala kwangu siku nne. Shemeji ameomba tu nimwazime mwavuli na nimwonyeshe daladala za kuanzia.

Naomba kuwasilisha.