Mkesha wa Taita na Swali la Mti wa Kupanda

Katika Milima ya Taita, kusini-mashariki mwa Kenya, yuko ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Ni mkesha wa Taita, mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na mbavu za rangi ya kutu. (Waamini wasimchanganye na mkesha wa Pasaka!) Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Leo amebaki katika vipande vichache vya msitu: Mbololo, Ngangao, Chawia na Yale, na hicho cha mwisho hakifiki hekta 20. Makadirio ya miaka ya 1990 yalitaja ndege wapatao 1,350 tu, wengi wao Mbololo. Yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Msitu ulikatwa ili watu walime. Siwalaumu; mlima wenye mvua na udongo mwema humwita mkulima. Kinachostahili kuchambuliwa ni kile kilichofuata. Penye msitu wa asili pengi palipandwa misonobari na mikaratusi, na ukiutazama mlima kwa mbali utasema umepona. Mkesha hasemi hivyo. Yeye hutafuta chakula chini, kivulini, akipekua majani yaliyooza apate wadudu na matunda yaliyodondoka. Chini ya mkaratusi hapati riziki hiyo, wala havuki kwa urahisi mashamba yanayotenga msitu mmoja na mwingine. Utafiti wa wanasayansi wa Ubelgiji na Kenya, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2002, ulionyesha kwamba katika vipande hivyo, ndege wasioweza kuhamahama na wasiostahimili kuharibika kwa msitu ndio wanaotoweka kwanza.

Jambo hili latugusa sasa, kwa sababu Serikali ya Kenya imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na parokia zetu, vigango na Jumuiya Ndogo Ndogo zimeitikia kwa moyo. Tunahesabu miche, lakini ni mara chache tunauliza ni miche ya mti gani. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 39, alitahadharisha juu ya jambo hilihili: kuweka mashamba ya mti wa aina moja mahali pa msitu wa asili huathiri vibaya uhai wa viumbe wengi, na ni nadra athari hiyo kupimwa ipasavyo.

Ugumu upo, nao ni wa haki. Mkaratusi hukua upesi, ukauzwa nguzo na mbao, ukalipa karo. Mti wa asili humngojesha mpandaji miaka mingi. Basi mwenye shamba lililo kati ya Ngangao na msitu wa jirani akiombwa aung'oe mkaratusi wake ili ndege apate njia, ni nani atakayemlipia mtoto wake karo katika miaka hiyo ya kungoja? Kamati zetu za haki na amani zianzie hapo.