Kampuni na uchumi wa mzunguko

Uchumi wa mzunguko ni mfumo wa uzalishaji ambamo bidhaa, vipuri na malighafi huendelea kutumika kwa muda mrefu iwezekanavyo badala ya kutupwa baada ya matumizi ya kwanza. Kampuni huingia katika mfumo huu kwa kukodisha bidhaa badala ya kuziuza, kukarabati zilizochakaa, kurudisha vyombo na kuvijaza tena, au kurejeleza taka kuwa malighafi. Njia hizo hazina uzito sawa, ingawa matangazo ya kampuni mara nyingi huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja.

Tofauti kubwa iko katika swali la nani anamiliki kitu baada ya kutumika. Kampuni ya Xerox ya Marekani ilipotoa mashine yake ya kunakili, Xerox 914, mwaka 1959, iliikodisha kwa ofisi kwa malipo ya kila mwezi. Mashine ikiharibika, hasara ilikuwa ya Xerox, hivyo ilikuwa na sababu ya kuitengeneza.

Chupa ya kioo

Katika Afrika Mashariki mfano unaojulikana zaidi ni chupa ya kioo ya soda na bia. Mnunuzi hulipia kinywaji tu. Chupa si yake. Anayetaka kuondoka nayo huacha dhamana au chupa nyingine tupu, na mwenye duka naye hutakiwa kutoa kreti la chupa tupu anapochukua lililojaa. Gari lililoleta soda hurudi na chupa hizo kiwandani, ambako huoshwa, hukaguliwa na kujazwa tena. Utaratibu huu ulienea bila kampeni yoyote ya mazingira. Chupa ilirudi kwa sababu ilikuwa na bei.

Chupa ya plastiki ilibadilisha hesabu hiyo. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo, na haihitaji safari ya kurudi wala mashine ya kuosha. Kwa safari ndefu wepesi huo ni faida ya kweli, kwani kioo ni kizito na kukiosha hutumia maji na nishati. Lakini gharama ya kukusanya haikutoweka. Ilihama kutoka kampuni kwenda kwa halmashauri zinazozibua mitaro, na kwa waokota makopo wanaouza plastiki kwa kilo. Kwa maneno mengine, watu maskini kuliko wote katika mnyororo huo ndio wanaofanya kazi iliyokuwa ya gari la soda.

Sheria na ahadi

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019. Marufuku hizo hazikugusa chupa za vinywaji. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka ilikwenda mbali zaidi kwa kumfanya mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa.

Ahadi za hiari zimekuwa dhaifu zaidi. Februari 2022 Coca-Cola ilitangaza kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 25 ya vinywaji vyake duniani vitauzwa katika vyombo vya kujazwa tena. Desemba 2024 ilitoa malengo mapya ya hadi 2035, yanayohusu ukusanyaji wa chupa na matumizi ya malighafi zilizorejelezwa. Lengo la kujaza tena halikuwemo. Si jambo dogo, maana chupa iliyorejelezwa husagwa na kuyeyushwa kabla ya kuwa kitu kingine, na sehemu ya plastiki hupotea njiani.

Kikwazo hakionekani kuwa ufundi. Nchini Brazil kampuni hiyohiyo ilianza mwaka 2018 kutumia chupa moja ya plastiki ya kurudishwa kwa vinywaji vyake mbalimbali. Lebo ya karatasi huoshwa kiwandani, kisha chupa iliyobeba Fanta inaweza kujazwa Coca-Cola na kurudi dukani.